Raba Si Simba na Yanga

Raba ya kukimbilia ina tabaka tatu. Chini kabisa ni soli ya mpira inayokwaruzana na barabara. Katikati ni sponji, ambayo ndiyo roho ya kiatu, maana ndiyo inayopokea uzito wa mwili na kuurudisha. Juu ni kitambaa kinachoushika mguu usitembee ndani. Nembo hushonwa ubavuni mwa kitambaa hicho, mahali pasipobeba uzito wowote. Hata hivyo, alfajiri ya Jumamosi vikundi vya jogging vinapokusanyika Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Mwenge, fulana za sare mwilini na filimbi shingoni, jicho hutua kwanza kwenye nembo. Mjadala unaoanzia kwenye kunyoosha viungo na kuishia kwenye supu huendeshwa kwa lugha ya watani wa jadi: huyu ni wa Nike, yule ni wa Asics, wa tatu ameapa atazikwa na Adidas yake. Shabiki hahami timu kwa kuwa imefungwa, na mkimbiaji naye hahami chapa kwa kuwa imemng'oa kucha.

Rai inayotawala katika mijadala hiyo ina matawi manne. Tawi la kwanza linasema ipo chapa moja iliyo bora kuliko zote, na kazi ya mkimbiaji ni kuitambua na kuishikilia. La pili linasema bei ndiyo mizani. La tatu, lililochipua baada ya 2017, linasema raba yenye bamba gumu la kaboni ndani ya sponji, ile inayovunja rekodi Berlin na Chicago, ndiyo raba bora pia ya kukimbilia kutoka Temeke Mwisho hadi Uwanja wa Mkapa. La nne huja kwa sura ya onyo: mtumba huua magoti. Matatu ya mwanzo hayasimami. La nne lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili kusikilizwa kuliko matatu mengine yote.

Historia ya chapa zenyewe inatosha kulitikisa tawi la kwanza. Ndugu wawili wa Herzogenaurach, Ujerumani, Rudolf na Adolf Dassler, waligombana wakagawana kazi: mmoja akaanzisha Puma 1948, mwenzake Adidas 1949. Mwaka huohuo wa 1949 Kihachiro Onitsuka alianza kutengeneza viatu Kobe, Japani, katika kampuni iliyokuja kuitwa Asics mwaka 1977. Nike, ambayo vijiweni hutajwa kama hasimu wa Asics, ilizaliwa 1964 kwa jina la Blue Ribbon Sports, na riziki yake ya kwanza ilikuwa kuuza raba za huyohuyo Onitsuka kwa Wamarekani. Jina la Nike lilikuja 1971. Leo kampuni ya Yue Yuen, mali ya kundi la Pou Chen la Taiwan, huzishonea Nike, Adidas, Asics na New Balance kwa pamoja katika viwanda vilivyoko China, Vietnam na Indonesia. Raba haziwi moja kwa sababu hiyo, kwani mchoro, sponji na kalibu hutofautiana. Lakini tofauti hizo zinakaa kwenye toleo. Pegasus na Vaporfly zote ni za Nike. Ya kwanza ni ya kilomita nyingi za kila siku, ya pili ni ya siku ya mashindano, na hakuna kinachozifanya zifanane miguuni zaidi ya alama ya ubavuni. Pegasus ina undugu wa karibu zaidi na Ghost ya Brooks au Cumulus ya Asics. Anayeuliza "Nike au Asics?" anauliza kama mtu anayetaka kujua kipi bora kati ya Toyota na Isuzu bila kusema kama anabeba abiria au mchanga.

Hata rekodi, ambazo ndizo hoja kuu ya mashabiki, hazikai kwenye chapa moja. Mwaka 2014 Dennis Kimetto alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:02:57 akiwa na Adidas yenye sponji ya Boost, kiatu chepesi kisicho na kaboni. Mwaka 2018 Eliud Kipchoge aliishusha rekodi hadi 2:01:39 hapohapo Berlin akiwa na Nike. Mwaka 2023, katika muda wa majuma mawili tu, rekodi mbili zilivunjwa na chapa mbili: Tigst Assefa wa Ethiopia, Berlin, 2:11:53 kwa Adidas; Kelvin Kiptum wa Kenya, Chicago, 2:00:35 kwa Nike. Na kabla ya bamba la kaboni kuingia sokoni, Juma Ikangaa wa Tanzania alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, muda ambao hadi leo wachache sana nchini wameupita, pamoja na sponji zao zote.

Kisa kinachofaa zaidi ni cha Kipchoge mwenyewe, Berlin 2015. Alipewa raba ya majaribio, na mapema tu katika mbio soli za ndani zikaanza kuchomoka nyuma ya visigino. Picha za siku ile zinaonyesha vipande vikipepea miguuni kama masikio ya mbuzi. Alikimbia hivyo kwa kilomita nyingi, unyayo ukichubuka, akashinda kwa 2:04:00. Asingekuwa ameshinda, kiatu kingelaumiwa kwa haki. Kwa kuwa alishinda, miaka michache baadaye watu wakakipa kiatu sifa za mguu.

Sasa kaboni. Haifai kuikana, kwa sababu inafanya kazi. Vaporfly ya kwanza iliuzwa 2017 kwa jina la asilimia nne, likitokana na vipimo vya Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder: wakimbiaji walitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 4 wakilinganishwa na walipovaa raba mbili bora za mashindano za wakati huo. Kinachosahaulika ni nani aliyepimwa. Walikuwa wanaume 18 wenye uwezo wa kumaliza kilomita 10 chini ya dakika 31, na walipimwa wakikimbia kilomita 14 hadi 18 kwa saa. Tena asilimia nne ni ya nishati, ambayo haigeuki yote kuwa muda.

Mkimbiaji wa kawaida wa Kinondoni anayemaliza nusu marathoni kwa saa mbili na dakika chache anakwenda mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Raba za aina hiyo zilipopimwa kwa mwendo huo, faida ilishuka hadi chini ya asilimia 1 kwa wastani, na kwa kilomita 12 kwa saa ikawa kama asilimia 1.4. Wapo waliotumia nishati nyingi zaidi wakiwa nazo. Tuseme basi ile asilimia moja isiyotimia igeuke yote kuwa muda, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa: ni dakika moja na sekunde kadhaa. Muda huo hupotea kwenye meza ya maji, mtu akigombania kikombe.

Vipimo vilivyofanywa kwa Wakenya saba wa kiwango cha dunia vilitoa jibu la kushangaza zaidi. Katika raba za kizazi kipya wapo waliofaidika kwa zaidi ya asilimia 10 wakilinganishwa na raba ya soli nyembamba, na wapo walioharibikiwa kwa kiasi kilekile. Raba za kizazi kimoja, mabingwa wa aina moja, majibu yanayopishana kama mashariki na magharibi. Kwa hiyo ushauri wa "nunua hii, mimi imenisaidia" una uzito sawa na ushauri wa miwani ya jirani.

Hapa mashabiki wana hoja moja ya haki, nayo ni kwamba chapa zimewahi kulinganishwa maabara na hazikutoka sawa. Ni kweli. Ulinganisho uliochapishwa 2022, kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ulizipanga raba saba za kaboni za makampuni mbalimbali. Mbili za Nike na moja ya Asics ziliokoa nishati kwa kati ya asilimia 2.5 na 3 hivi. Nyingine, ambazo nazo zilikuwa na kaboni, zilipata nusu ya hapo au pungufu, na zipo ambazo hazikuachana na raba ya kawaida. Ushahidi huo unawaumiza wenyewe waliouleta. Kwanza, unaonyesha kuwa neno "kaboni" peke yake halina maana, kwani kazi kubwa hufanywa na sponji. Pili, mwendo huo ni wa mtu anayemaliza nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 19, na watu wa namna hiyo katika kikundi cha jogging cha mtaa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kama wapo. Tatu, orodha ya 2022 imeshapitwa, kwa kuwa kila kampuni imetoa matoleo mapya tangu hapo. Anayenunua chapa kwa matokeo ya zamani ananunua msimamo wa ligi wa mwaka juzi.

Kuna pia suala la ardhi. Kanuni za Shirikisho la Riadha la Dunia za 2020 ziliweka ukomo wa soli ya mbio za barabarani kuwa milimita 40, na bamba gumu lisizidi moja. Raba nyingi za mashindano zimejaa hadi karibu na ukomo huo, kwa hiyo mkimbiaji anasimama juu ya kitu laini chenye kimo cha vidole viwili na kitako chembamba. Kwenye lami ya Daraja la Tanzanite, iliyonyooka na kufagiliwa na upepo wa bahari, hilo halina shida. Buza, Kijichi au ndani ya Tandale ni habari nyingine: mchanga, kifusi, mfereji uliofunikwa nusu, jiwe lililoachwa na mvua ya masika. Kifundo cha mguu hupinda kabla akili haijajua. Mpira wa chini wa raba hizo nao hukatwa uwe mwembamba ili kupunguza gramu, na changarawe huula haraka kuliko lami.

Ubadhirifu wenyewe umefikia kilele katika raba aliyovaa Assefa. Ina gramu 138, iliuzwa dola 500, sawa na zaidi ya shilingi milioni 1.2 kwa kiwango cha wakati huo, na Adidas wenyewe walisema imekusudiwa marathoni moja na kuizoea kidogo kabla yake. Ni chombo cha kazi cha mtu anayelipwa kwa sekunde. Alphonce Simbu wa Tanzania aliposhinda ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Katika pengo kama hilo kila gramu ina bei yake. Petros naye hakukimbia kwa ndala. Alikuwa na raba ya kizazi hichohicho, na bado alikuwa wa pili.

Mazoezi yana mahitaji mengine kabisa. Raba ya mazoezi hubeba kilomita nyingi, mwendo wa pole na mguu uliochoka, kwa hiyo inatakiwa idumu, itulie na isimchubue mtu. Sponji ya kifahari ya mashindano haidumu: watafiti wa Hispania waliipima baada ya kilomita 450 wakakuta faida yake juu ya sponji ya kawaida imetoweka. Anayekimbia kilomita 40 kwa wiki hufika hapo kwa wiki 11 hivi. Anayefanyia mazoezi raba ya mashindano ataingia kwenye mashindano akiwa na kiatu kilichokwisha, tena amekilipia mara tatu. Madaktari wa michezo wameeleza pia visa vya nyufa za mifupa ya mguu kwa wanariadha waliokuwa wakivaa raba zenye bamba la kaboni. Visa ni vichache, ila vinatosha kumfanya mtu aanze taratibu.

Vitu vinavyostahili kulinganishwa kati ya toleo na toleo ni umbo, kimo na ugumu. Kimo hapa maana yake ni tofauti kati ya kisigino na upande wa vidole. Ghost ya Brooks ilikuwa kwa miaka mingi na tofauti ya milimita 12. Hoka nyingi zina 4 au 5. Altra nyingi zina sifuri. Kisigino kilichoinuka hupunguza mvuto kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino, kilichoshuka huuongeza. Mwenye kano inayouma akihamia Altra kwa sababu rafiki yake anaisifu atajua hilo ndani ya wiki.

Umbo ndilo linalopuuzwa kuliko yote, na kwa Dar es Salaam ndilo lenye uzito mkubwa. Mguu uliokulia pekupeku na kwenye ndala hutanuka mbele. Vidole hukaa mbalimbali. Raba nyingi za mashindano hukatwa zikiwa nyembamba hapo hasa. Kwenye joto na jasho la jiji, mguu ukivimba baada ya saa nzima, kidole kidogo hubanwa na kucha ya dole gumba huwa nyeusi. New Balance hutengeneza baadhi ya raba zake kwa upana zaidi ya mmoja, na Altra huacha nafasi ya vidole. Huo ni ubora wa kweli kwa mguu mpana, na hauna maana yoyote kwa mguu mwembamba. Raba ijaribiwe jioni, kwa soksi za kukimbilia, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Kuhusu bei, watafiti wa Dundee, Scotland, walilipima jambo hili mwaka 2008. Walichukua raba za makampuni matatu, kila moja kwa ngazi tatu za bei kuanzia pauni 40 hadi 75, wakapima shinikizo chini ya unyayo. Za bei nafuu hazikushindwa na za ghali, wala wakimbiaji hawakuona zina raha pungufu. Jeshi la Marekani nalo liliwagawia askari wapya raba kulingana na umbo la nyayo zao, kama wauzaji wanavyoshauri, na majeraha hayakupungua. Kilichoonyesha dalili njema ni kitu cha kawaida sana: huko Luxembourg wakimbiaji 264 walifuatiliwa kwa wiki 22, na waliokuwa wakibadilisha raba zaidi ya moja waliumia pungufu kwa asilimia 39. Kwa mkazi wa Temeke hesabu ni rahisi. Raba mbili za wastani, zenye sponji tofauti, zinamfaa kuliko moja ya kifahari. Wakati wa masika, raba iliyolowa leo kesho asubuhi bado haijakauka, na anayemiliki moja tu ama hukimbia na maji au hulala.

Raba mbili hizo kwa wengi zitatoka mtumbani, na hapo ndipo onyo la tawi la nne linapohusika. Wanaosema mtumba unaua magoti wanaikosea sababu. Asili ya kiatu haina hatia. Umri wa sponji ndio wenye hatia. Karume au Tandika, raba hutoka kwenye belo ikiwa na matope ya Ulaya, huswakiwa kwa brashi na sabuni, ubavu hupakwa rangi nyeupe, kamba mpya hupitishwa, na ikifika mezani inang'aa kuliko siku iliyonunuliwa mara ya kwanza. Kung'aa huko ni kwa kitambaa. Sponji haioshwi ikafufuka.

Mnunuzi anayejua kazi huanza ubavuni. Sponji yenye mikunjo myembamba mingi, kama ngozi ya mtu aliyekaa majini, imeshalala. Kisha hukandamiza kwa dole gumba chini ya kisigino, upande wa kushoto na wa kulia: panaporudi haraka pazima, panapobaki na alama au kuwa pagumu kama ubao pamekufa. Baadaye huziweka raba zote mbili juu ya meza iliyonyooka na kuzitazama kwa nyuma. Iliyolalia upande mmoja imebeba mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na itaupeleka mguu mpya hukohuko. Hufuata lebo iliyo chini ya ulimi. Ya Nike huwa na namba ya toleo na tarehe za kutengenezwa. Kushoto na kulia zikisema toleo tofauti, au meza nzima ya raba za rangi mbalimbali ikiwa na namba moja, ni kopi. Raba inayodaiwa kuwa ya kaboni huminywa ncha kwa ncha: ikikunjika katikati kama ndala, hamna bamba.

Hatari inayojificha kuliko zote ni sponji ya polyurethane iliyokaa stoo miaka mingi. Unyevu huivunja kemikali yake taratibu hata kama haikuvaliwa, na Dar es Salaam ni jiji la unyevu. Kiatu huonekana kipya kabisa, kisha kilomita ya tatu kinabomoka unga kama keki kavu. Sponji ya EVA, iliyo kwenye raba nyingi za mazoezi, haina ugonjwa huo. Yenyewe hukakamaa na kubonyea, na jua la kwenye bati, mahali wengi wanapoanikia, huiharakisha pamoja na gundi.

Kopi mpya dhidi ya halisi iliyochoka ni swali linaloulizwa sana. Kopi ya bei rahisi huwa na sponji inayobonyea ndani ya wiki chache, na halisi iliyokufa imeshabonyea tayari. Zote mbili zinafaa kuendea sokoni. Anayeipa nembo nafasi ya kuamua kati ya hizo mbili amerudi kwenye ushabiki. Enda ya Kenya, iliyoanza na toleo liitwalo Iten, hununuliwa na baadhi ya watu kwa fahari ya Afrika Mashariki, na fahari ni sababu halali ya kununua kitu. Kwa habari ya mguu, nayo hupimwa kwa dole gumba lilelile.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili kabisa na kumtaja Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku kwa 2:15:16. Huacha kutaja Tokyo 1964, aliposhinda tena akiwa amevaa viatu na soksi, kwa 2:12:11. Pembezoni mwa Barabara ya Kilwa pana visoda, vioo na misumari ya mbao za ujenzi. Soli ina kazi yake hata kabla ya kuzungumzia sponji.

Raba ikizeeka, fundi viatu anaweza kushona soli iliyoachia kwa uzi wa nailoni, sindano ikipita kwenye ukingo wa sponji, na kazi yake hudumu miezi. Sponji yenyewe hana namna ya kuirudisha, na fundi mkweli husema hivyo kabla ya kupokea pesa. Dalili za mwisho hutoka mwilini: maumivu mapya ya ugoko au unyayo kwa mtu ambaye hajaongeza kilomita wala mwendo, yanayopungua akivaa jozi nyingine. Jozi inayoumiza huondolewa kwenye mbio. Mara nyingi hukatwa nyuma ya kisigino, ikawa ya kuburuza uani na kwenda bombani.